Mtafsiri wa Katuni za Mapenzi

Yule jamaa anayetafsiri katuni chumba cha pili, hapa Kinondoni, hana sauti. Sauti ninayo mie. Filamu za ngumi ninazotafsiri mie zinasikika mpaka barabarani, lakini wateja wakija na flashi zao wanaulizia za kwake: yule binti mfinyanzi na mlinzi wa daraja wamefikia wapi? Hata mke wangu, Mwajabu, anazo zote kwenye simu. Jana mchana nikaenda kuchungulia anavyorekodi. Anavua viatu kwanza. Maiki anaishika kwa vidole viwili, kama kikombe cha chai ya moto. Akiigiza binti habani pua kama sie wengine. Anaongea kwa sauti yake ileile, ila polepole. Ikafika pale mlinzi anapomrudishia binti mwavuli, wakabaki wanatazamana tu. Hapo ndipo sie tunapojaza maneno: "Nakupenda, mpenzi, usiniache!" Kwa kawaida mtafsiri haachi kimya, mteja atadhani flashi mbovu. Yeye akaifunika maiki kwa kiganja na kunyamaza, macho yamemlowa, mpaka binti alipogeuza uso. Nikaondoka nimenuna.

Nyumbani nilimkuta Mwajabu anachambua mchele, simu kaiegemeza kwenye sufuria, katuni inacheza. Nikakaa mbele yake, nikamtazama, nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri tu, kama yule.

"Vipi, Baba Najat, lile jino limeanza tena?" akauliza. "Sogea basi, unanizibia."