Mama Ubao na Pointi Tano za Raga

Saa tatu asubuhi, mama wa miaka hamsini na miwili amesimama juu ya ngazi ya mbao, kitambaa begani, anapangusa ubao wa matokeo wa uwanja wa raga. Siku za wiki anasafisha vyumba vya kubadilishia nguo. Jumamosi anabandika namba, na wachezaji wanamwita Mama Ubao.

"Miaka kumi na mmoja niko hapa, mchezo wenyewe siuelewi," anasema bila aibu. "Wanataka kwenda mbele, lakini kwa mikono wanarushiana nyuma. Hiyo ni akili gani?"

Kocha amemwambia wazi kwamba akikosea tena, ubao anapewa mtu mwingine. "Vyumbani nafuata mshahara," anasema. "Huku juu nafuata roho yangu."

Kosa lenyewe alilifanya mwezi uliopita. Mchezaji wa nyumbani alivuka mstari wa mwisho, mashabiki wakaruka, naye akabandika pointi tano. Kumbe kuvuka hakutoshi, lazima mpira ugusishwe chini. Ulikuwa umemponyoka, refa akakataa, lakini namba zikabaki ubaoni.

Basi ubao ukasema wenyeji wanaongoza kwa mbili, wakati walikuwa nyuma kwa tatu. Muda ulipokwisha, mpira ukiwa bado unachezwa, kijana wa nyumbani aliyeingia kipindi cha pili akautazama ubao na kuupiga mpira nje ili mechi iishe. Wenzake walimpigia kelele asipige. Mechi iliisha kweli, wakafungwa.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Mama Ubao.

Tangu hapo binti yake, fundi cherehani, amekuwa akimfundisha jioni. Trai, yaani kugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari, pointi tano; mkwaju wa nyongeza unaofuata trai, mbili; mkwaju wa adhabu, tatu. Akamsimulia pia kwamba, inavyosemekana, mchezo ulianza shuleni huko ng'ambo, karibu miaka mia mbili iliyopita, mwanafunzi alipoudaka mpira wa miguu na kukimbia nao. Hata wanaosimulia hawana hakika.

"Mama, aliukumbatia tu akaondoka nao."

"Na mwalimu hakumchapa?"

"Sijui, mama."

"Yaani mtu kavunja sheria, wakamtungia mchezo mzima! Ndiyo maana sielewi kitu. Umeanza kwa fujo."

Mwandishi wa makala haya alikaa uwanjani dakika themanini na kutoka na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo.

Dakika ya sabini na tisa, wageni wana ishirini, wenyeji kumi na saba. Mchezaji wa nyumbani anajitupa juu ya mstari, na watu kama kumi wanamwangukia. Jukwaa zima linasimama.

"Mama, weka tano!" kocha anapiga kelele. "Unangoja nini?"

Mama Ubao ameshika mbili mbili kifuani, ishirini na mbili tayari. Hawatazami mashabiki wala kocha, anamtazama refa, ambaye amepiga magoti anachungulia katikati ya miguu ya watu.

"Mama! Umelala?"

Refa anainuka. Anatikisa mkono kuashiria hapana. Mkono wa mpinzani ulikuwa chini ya mpira, kwa hiyo mpira haukugusa ardhi. Mama Ubao anarudisha namba kwenye sanduku taratibu. Dakika moja baadaye filimbi ya mwisho inalia, wenyeji wamefungwa.

"Umetunyima, Mama Ubao!" mashabiki wanamzomea. Anashuka ngazi macho yamemjaa machozi.

Refa anakuja na kadi yake ya matokeo, anaisoma, anautazama ubao, anatia sahihi. Kila namba iko sawa. Kocha anasogea kwenye ngazi kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Ulijuaje, mama?" anauliza.

"Sikujua, mwanangu. Wote mlikuwa na uhakika, mimi peke yangu sikuwa nao, ndiyo nikangoja."

Kocha anakuna kichwa. "Jumamosi ijayo njoo mapema."

"Nitakuja. Ila Jumatatu unisajili kwenye darasa la marefa."

Kocha anacheka. Anagundua anacheka peke yake.

"Nimechoka kutoelewa nikiwa juu ya ngazi," anasema Mama Ubao, akifuta machozi kwa kiganja. "Nataka nikashindwe kuelewa kule katikati, nikiwa na filimbi. Niwaambie wote wasimame mpaka nielewe."

Kocha anatoa kalamu.