Mwisho Hauna Neno

Anayechagua kitabu lazima akisome mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kukileta mbele ya wenzake. Hiyo ndiyo kanuni aliyoiweka Bi Mwanakheri katika baraza ya kusoma ya mtaa wa Malindi, na kwa miaka mingi hakuna aliyeishika kuliko yeye mwenyewe. Aliivunja mara moja tu.

Bi Mwanakheri ni muuguzi mstaafu. Anakaa ghorofa ya juu ya nyumba kongwe nyuma ya bandari, na dirisha lake linatazama kichochoro wanachopita abiria wanaokwenda kupanda boti za Dar es Salaam. Kila Jumamosi baada ya alasiri wanawake kadhaa hupanda ngazi zake, huvua viatu mlangoni, hukaa juu ya mkeka, hunywa kahawa kwa visheti, na kusoma. Kitabu huwa kimoja tu, kwa hivyo husomwa kwa sauti, kila mtu sura yake kwa zamu. Anayesoma hakatizwi. Wala haruki hata mstari mmoja mpaka sura imalizike.

Desturi hiyo ya kutoruka ndiyo iliyozaa kanuni. Zamani, Bi Thuwaiba aliangukiwa na sura ambayo bwana na bibi wa kwenye riwaya waliingia chumbani, na mwandishi akaingia nao. Mkwe wake Bi Thuwaiba, mke wa mwanawe, alikuwa amekaa mbele yake na kikombe mkononi. Bi Thuwaiba alisoma yote, uso umemwiva, sauti ikizidi kushuka, na mkwe akatazama kisheti chake kama anayekihesabu ufuta. Wiki ile nzima hawakuweza kutazamana jikoni. Hapo Bi Mwanakheri akasema basi, kuanzia leo anayechagua asome kwanza, ajue kilichomo, ajue kitamwangukia nani. Na kwa kuwa wengine walikuwa wavivu, mchaguaji akawa ni yeye.

Hakuwa na mchezo katika jambo hilo. Amne, mdogo wao na mwenye mdomo kuliko wote, alipoleta kitabu siku moja na kukiri kwamba kurasa mbili za mwisho hakuzifikia, Bi Mwanakheri alimrudishia pale pale.

"Kurasa mbili tu, Bi Mwanakheri!"

"Nyoka hahitaji nafasi kubwa ya kulala. Kichukue, ukamalize."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini Amne alikichukua, akaenda kumaliza.

Katika wote hao, aliyekuwa karibu naye ni Tahera. Walijuana tangu usichana. Tahera na mumewe Mohamedali walikuwa na duka la vitambaa Mkunazini, na watoto wao wawili, Zaheer na Naznin, walizaliwa Bi Mwanakheri akiwa zamu wodini. Mohamedali alipougua moyo, Bi Mwanakheri ndiye aliyemfundisha Tahera kumpa vidonge: kimoja, asubuhi, basi.

Asubuhi moja nyumba yao ilijaa wageni wa harusi ya jamaa. Tahera alimpa mumewe kidonge alfajiri. Baada ya chai, kati ya kelele na sahani, akampa tena. Mchana Mohamedali alilala kupumzika, na hakuamka. Daktari alisema moyo ulikuwa umeshachoka siku nyingi. Tahera hakumwambia daktari habari ya kidonge cha pili, wala wanawe. Alimwambia Bi Mwanakheri peke yake, wamefunga mlango, amemshika mikono yote miwili.

"Nambie kweli. Wewe unajua kazi hii."

"Kidonge kimoja hakikumuua, Tahera. Moyo wake ulikuwa umefika."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu. Ndivyo nnavyojua."

Na ndivyo alivyoamini kweli. Tahera aliishi kwa neno hilo. Alirudi dukani, akarudi barazani, akaanza tena kucheka. Kila Jumamosi alikaa karibu na dirisha, vazi lake la rida amelikunja vizuri magotini, na zamu yake ikifika alisoma kwa sauti nzuri kuliko wote.

Tahera huyo ndiye aliyeomba riwaya ya upelelezi. "Tumechoka na mapenzi na mirathi," alisema. "Tuleteeni mtu afe, tutafute aliyemuua."

Wote wakaafiki. Bi Mwanakheri akaenda kwa muuza vitabu vya mitumba, akapata riwaya moja ya karatasi iliyokwisha kugeuka rangi: tajiri wa Tanga amekutwa amekufa kitandani, kikombe cha kahawa pembeni, na nyumba imejaa watu wenye sababu za kumchukia. Alianza kuisoma mchana ule ule. Alimshuku kaka wa marehemu, akamwacha, akamshuku mpwa. Alipofika zimebaki sura tatu, akakifunga kitabu kidole kikiwa ndani.

Fikra iliyomjia haikuwa mbaya kwa sura yake. Riwaya zote walizosoma pale, yeye alikaa kati ya wenzake akijua kila kitu. Walishtuka, yeye hakushtuka. Walibishana, yeye alimimina kahawa. Na hii ilikuwa riwaya ya kubahatisha. Ukishajua muuaji, umebakiwa na nini? Alitaka safari hii akae mkekani kama wengine, atie dau lake kwa mpwa, akosee, achekwe. Akakitia kitabu kwenye mkoba bila ya kuzisoma sura tatu zile.

Mtu atasema hilo ni jambo dogo. Lingekuwa dogo kama angelisema. Angeingia tu na kusema, "Hiki sikukimaliza," wangeamua pamoja. Hakusema. Jumamosi ile, kabla ya wengine kufika, Tahera alikichukua kitabu, akakigeuza nyuma na mbele.

"Anakufa nani?"

"Mume wa mtu. Mwanzo kabisa. Waonaje, tukiache?"

"Ah, nshapoa miye. Si riwaya ya upelelezi? Lazima afe mtu." Akatabasamu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na mwisho wake?"

"Mwisho hauna neno," alisema Bi Mwanakheri.

Hayo ndiyo maneno yake. Aliyasema kirahisi, kwa kuwa hajapata kuyasema yakawa uongo.

Jumamosi zilizofuata zilikuwa za furaha kubwa. Amne alimshika mke wa marehemu tangu sura za mwanzo na hakumwacha. "Analia sana huyu! Mjane wa kweli hana nafasi ya kulia hivi, ana wageni wa kulisha." Bi Thuwaiba alimshuku mpishi, maana riwaya, alisema, haimtaji mpishi mara nyingi hivyo bure. Tahera alimtetea mke. "Mwacheni mwanamke wa watu. Kafiwa."

"Muulizeni Bi Mwanakheri," alisema Amne. "Yeye keshajua. Mtazameni anavyotutazama!"

Bi Mwanakheri alicheka tu, akamimina kahawa. Waliamini anajua, naye akawaacha waamini. Moyoni alikuwa bado anamshuku mpwa wa marehemu.

Sura ya mwisho ilimwangukia Tahera. Walikuwa wamepanga wakimaliza wateremke wote Forodhani, aliyekosea awanunulie wenzake juisi ya miwa. Tahera akavaa miwani, akaanza kusoma.

Inspekta aliwakusanya watu wa nyumba ile sebuleni. Kahawa, alisema, haikuwa na kitu. Marehemu alikuwa na maradhi ya moyo, akimeza kidonge kimoja kila asubuhi. Siku ya kufa kwake alipewa viwili. Mke akalia, akasema alisahau, nyumba ilikuwa na wageni.

Bi Mwanakheri aliweka kikombe chini. Alitaka kusema, "Basi, Tahera, kiweke." Lakini pale chumbani hapana aliyewahi kumkatiza msomaji, na kumkatiza huyu sasa, wenzake wote wakitazama, kungekuwa kutangaza kwa nini anakatizwa. Tahera naye hakusita. Sauti yake ilikuwa ile ile, nzuri, na kila neno alilitamka kamili.

"'Hakuna mke anayesahau kidonge cha mumewe,' alisema Inspekta. 'Anayesema kasahau, huyo kakumbuka vizuri.'"

Akasoma pingu, akasoma gari, akasoma mstari wa mwisho. Akafunga kitabu.

Amne alirusha mikono juu. "Si nlisema! Mke! Eti kasahau! Bi Thuwaiba, mpishi wako kasalimika, juisi juu yako!"

Tahera alivua miwani, akaikunja, akatafuta viatu vyake mlangoni. Alisema kichwa kinamuuma. Bi Mwanakheri alimfuata, akamkuta katikati ya ngazi, ameshika kamba ya kuteremkia.

"Tahera, sikujua."

"Hukujua nini?"

"Mwisho. Sikukimaliza. Nlitaka nami nibahatishe."

"Wewe? Uliyemrudishia Amne kitabu kwa kurasa mbili?"

"Wallahi sikukisoma."

"Usiape, Mwanakheri. Nlikuuliza mwisho wake ukoje. Ukanambia hauna neno."

Ni kweli aliulizwa, na ni kweli alisema.

"Miaka yote nimelala kwa neno lako," alisema Tahera. "Kumbe nawe ulikuwa unanifikiria hivyo. Ungenambia tu, mimi na wewe. Ungenambia mlango umefungwa, kama nlivyokwambia mimi. Si kunipa nisome mbele za watu."

"Sikufikirii hivyo! Sikukufikiria hivyo hata siku moja."

"Basi kwa nini ulikichagua?"

Akateremka.

Bi Mwanakheri alirudi juu, akawaambia wenzake kwamba kanuni ameivunja, kitabu hakukimaliza. Amne alicheka. "Bi Mwanakheri bwana! Unataka tuamini hukujua? Hata mimi nlijua!" Bi Thuwaiba alidhani anasema hivyo kwa kumwonea huruma, ili yeye asamehewe kununua juisi. Hakuweza kuwalazimisha waamini, maana wangeuliza kwa nini jambo hilo linamliza, na sababu yake haikuwa mali yake kuitoa. Laiti angekuwa mtu wa kuvunjavunja kanuni, wangemwamini mara moja.

Jumatatu alikwenda Mkunazini, nyumbani kwa Tahera. Naznin alifungua mlango nusu.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Yupo. Kapumzika." Akageuka kutazama ndani. "Kasema amepumzika."

Alikwenda tena, na tena. Mara ya mwisho Naznin alimkaribisha ndani, akamwekea chai. Nyumba ilikuwa kimya. Mama alikuwa amehamia Dar es Salaam kwa Zaheer, alisema Naznin, na dukani sasa anakaa yeye. Alipanda boti ya asubuhi. Siku hizi halali, hali vizuri, anauliza maswali ya ajabu kuhusu vidonge vya marehemu baba, vilikuwa vya nguvu gani. "Wewe unajua ana nini, Bi Mwanakheri? Wewe ndiye mtu wake."

Bi Mwanakheri alikunywa chai yote. "Sijui, mwanangu." Huo ukawa uongo wa pili, na huu alilazimika kuusema.

Boti ya asubuhi hupandiwa Malindi. Kutoka Mkunazini na mizigo, njia ni ile ya chini ya dirisha la Bi Mwanakheri. Bila shaka alikuwa macho saa ile, ameshaswali, anachemsha maji. Hakusikia mtu kuita.

Baraza ipo bado. Amne ndiye anayechagua vitabu, na anavisoma mpaka mwisho. Bi Mwanakheri anamimina kahawa, na zamu yake ikifika anasoma. Nafasi ya karibu na dirisha wageni huikalia bila kujua.

Alitaka mara moja tu asijue mwisho wa kitabu. Kwa hilo alimpoteza rafiki yake wa tangu usichana, na rafiki huyo akapoteza neno pekee lililokuwa likimlaza usingizi.