Benchi la Sixten

Kwa miaka minne Winifrida alimtembeza Sixten, mbwa mweusi wa bibi Ingegerd wa Fisksätra, kitongoji cha ughaibuni, na aliamini kwamba hakuna asilolijua juu yake. Alikuwa amesomea utunzaji wa wanyama katika chuo cha ufundi, akazoea kutazama kabla ya kugusa. Sixten akilamba nyayo, ni ile chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani; akisitasita mlangoni, ni bibi hakulala vizuri.

Kwa hiyo, Jumatatu moja ya Machi, aligundua mara moja kwamba kuna mtu mwingine. Walipofika njia panda, Sixten hakushuka kuelekea majini kama kawaida. Alimvuta hadi kituo cha treni, akasimama mbele ya benchi la mwisho, akamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa kuelewa.

Mtu huyo alikuwa Kahindo, mama wa Kikongo aliyeajiriwa na bibi karibuni kwa siku za Ijumaa. Yeye na bibi walifahamiana kanisani. Cheti cha wanyama hakuwa nacho. Ijumaa iliyofuata Winifrida alipanda treni isiyomhusu, apite pale tu. Kupitia dirishani alimwona Kahindo ameketi akizungumza kwenye simu, na kichwa cha Sixten kimetulia pajani mwake. Winifrida hakuwahi kuketi akiwa kazini. Wala hakuwahi kulaliwa pajani.

Alipomsimulia Brigitha, aliyeishi naye, alitumia maneno ya chuoni: uzito, mazoezi, nidhamu. Brigitha alimsikiliza huku akimenya viazi, kisha akasema, "Shoga, hata mke mwenza hamchunguzi mwenzake hivi."

Bibi alikuwa anasafiri wakati wa Pasaka, na mmoja wao angehamia kwake kukaa na Sixten. Winifrida aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyothubutu kusema. Kwa sauti ya upole alimweleza bibi kwamba siku za Ijumaa mbwa hatembezwi, anakalishwa. Bibi akajibu kwamba Kahindo mwenyewe alikwisha kumwambia, na kwamba Sixten si kijana tena. Hata hivyo alimpa Winifrida ufunguo, kwa kuwa Kahindo asingeweza kuwaacha watoto wake nyumbani Tumba, ng'ambo ya jiji.

Hivyo akashinda. Sixten alikula, alitii, na usiku alilala pua ikielekea mlangoni. Ijumaa ilipofika, alimvuta hadi benchini. Safari hii Winifrida aliketi, akakusanya koti lake, akaacha mapaja wazi. Sixten hakugeuka. Alikuwa akitazama reli.

Treni ilisimama, akashuka Kahindo. Mkia wa Sixten ulianza kupiga miguu ya benchi, kisha mwili mzima ukafuata. Kahindo hakusogea karibu. Alisimama hatua chache, mikono ndani ya mifuko ya koti, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa.

"Nilikuwa napita tu, dada," akasema.

Kutoka Tumba hakuna aendaye popote kwa kupitia Fisksätra. Winifrida aliujua vizuri uongo ule. Naye aliwahi kuukatia tiketi.

"Karibu ukae," akamwambia, akasogea kumpa nafasi.

Sixten akaweka kichwa pale alipozoea. Kamba, Winifrida hakuiachia.