Kosa Nililolirekebisha Lina Jina Langu

Admin, nisitiri, maana Wakenya wa hapa Doha tunajuana hadi viatu.

Nina miaka 31, mtoto wangu mmoja analelewa na mamangu Nakuru. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Niliipata kupitia kwa Mkenya mwenzangu nitakayemwita Kaka. Alinitetea kwa bosi, na mkewe akanilaza sebuleni kwao mtaa wa Abu Hamour hadi nikapata chumba.

Programu yetu hutafutia maswali ya hifadhidata njia fupi ya kupata majibu. Swali likiwa na jingine ndani yake, inalifungua, kisha la ndani zaidi, ikiweka alama ili isirudie. Mwezi uliopita ikaanza kuzunguka palepale mpaka mitambo ya mteja ikazimika. Nilihangaika siku tisa. Kumbe mstari mmoja ulikuwa unafuta alama mapema mno, lakini pale tu swali lilelile linapotajwa mara mbili. Nikaurekebisha, ofisi nzima ikanipigia makofi. Nilivimba kichwa, sikatai.

Kisha nikachimba nijue nani aliuandika. Kaka! Na aliyeukagua na kuupitisha? Mimi. Sisi wa nyumbani tuna mtindo wetu: akinitumia kazi yake naipitisha bila kusoma, naye hivyo hivyo.

Shida ni Ritah, Mganda aliye bado kwenye miezi ya majaribio. Aliwahi kupanga upya faili yenye mstari huo, kwa hiyo ukitazama juu juu unaona jina lake. Bosi akaniambia, "Andika ripoti, Jumapili asubuhi niikute. Ni Ritah, sivyo?" Sikusema ndiyo, sikusema la, na naona aibu hata kuliandika hapa.

Nikamwendea Kaka. Nilipomweleza nilichogundua, akasema, "Siste, si ripoti unaandika wewe? Wacha iende na Ritah. Tusiangushane."

Nikisema ukweli, Kaka anafutwa na kibali chake cha kukaa kinakwenda na kazi, mkewe akiwa na mimba ya miezi saba. Nami namfuata. Nikinyamaza, Ritah anarudishwa kwao kwa kosa letu.

Leo Alhamisi Ritah amenishika mkono pale kwenye lifti. "Dada, webale, asante kunitengenezea ile makosa yangu." Maskini, ameamini ni lake. Nami nimemjibu, "Usijali."

Ripoti iko wazi mbele yangu, imebaki nafasi ya jina. Ndugu zangu, nawasihi, mngekuwa mimi mngeandika la nani?