Mabosi Watatu na Suala la Kuonja

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya upishi nilimkuta bosi wangu, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa pale Magomeni, Kilosa, amekaa jikoni ananisubiri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. "Hassani, jikoni kwangu hakuna nyama wala yai. Na ujue dunia yote hii ni maya." Mimi niliishia darasa la nne. Nikadhani maya ni kiungo, nikauliza kipo kwenye kopo gani. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Maya, alinieleza, ni kiinimacho. Unaona kamba gizani, unadhani nyoka. Cha kweli ni kimoja tu, Mungu. Haya mengi tunayoyaona ni yule nyoka. Nikakubali, lakini dengu zikizidi chumvi alizirudisha.

"Mzee, si kiinimacho?"

"Kiinimacho, ndiyo. Ila ulimi wangu bado haujaambiwa."

Mtu mzuri yule. Alikuwa na paka mmoja mwizi, lakini tumwache paka.

Alipofariki nikaenda Ruhembe kwa mama mmoja mjane, mwenye mashamba ya miwa. Mhindi vilevile, ila wa njia nyingine. Kwake dunia ni ya kweli, Mungu ni bwana, sisi watumwa wake, na hatuchanganyiki naye hata milele. Chakula kinawekwa kwanza mbele ya sanamu, ndipo watu wale. Kwa hiyo mpishi haonji; ukionja umempa Mungu makombo. Nikajifunza kupima chumvi kwa vidole, na kuijua bizari imeiva kwa mlio wake ndani ya samli.

Bosi wa tatu alikuwa injinia wa gereji ya malori, Mikumi. Nikapika bila kuonja, akaniona.

"Onja, bwana."

"Bosi, na Mungu je?"

"Anayeonja ndiye huyohuyo."

Huyu alifuata njia wanayoiita tantra. "Mzee wako wa Kilosa anasema mmoja ndiye kweli, mengi ni kiinimacho," aliniambia nilipomweleza ya mabosi wangu wa kwanza. "Mama wa Ruhembe anasema wapo wawili, bwana na mtumwa. Mimi nasema ni mmoja, na haya mengi ni yeye anacheza. Mtu akicheza ngoma, ngoma si uongo, wala huwezi kuitenga na mchezaji. Hata wewe Hassani ni Yeye."

Nikaenda kumsimulia mke wangu, Mwajuma, kama kichekesho. Shemeji, ndugu yake Mwajuma, akasikia, akatafuta tantra kwenye simu, akakuta picha za mafuvu na majivu, akampigia baba yao. Kesho yake baba mkwe akafika kutoka Masanze.

"Unakula kwa mchawi anayekuita Mungu? Acha kazi, au binti yangu anaondoka na mimi leo."

Mwajuma alikuwa ameshafunga begi, analia. Nami kazi nyingine sikuwa nayo. Nikamwomba mzee aje kwanza amwone injinia mwenyewe. Tukaenda wote watatu, na begi.

"Wewe ni mganga?" baba mkwe akauliza.

"Mimi fundi wa giaboksi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umemwambia mkwe wangu yeye ni Mungu?"

"Nimesema kila kitu ni Yeye. Hata hilo jiwe la kusagia."

"Kwetu hiyo ni kufuru."

"Najua. Ndiyo maana nasema mimi, simlazimishi aseme. Akisali, redio nazima."

"Na huko kuonja?"

"Kwangu ni ibada. Kwake ni kuangalia chumvi."

Baba mkwe akanitazama. "Ni kweli?"

"Naangalia chumvi, baba."

Akamgeukia binti yake. "Mwajuma, fungua hilo begi."

Nilipika pale mpaka nguvu zikaniishia. Vijana wakiniuliza nani kati ya mabosi wale alikuwa sahihi, nawaambia mimi ni Mwislamu, wawaulize wenyewe. Ninachojua ni kwamba wote watatu waliniacha na dini yangu, na wa tatu aliniacha na mke wangu. Mchana ule baba mkwe alikula wali kwa dengu sahani mbili, akapanda basi la Masanze peke yake.