Jogoo Anawika, Yai Halina Kitu

Hana shamba, hana gari, hana cheti cha kutundika ukutani. Tangu mvua zilizopita, hana hata kifaranga.

Alfajiri, chumba kikiwa bado na giza, Fundi Taa, kama mtaa unavyomwita, anainua yai na kulimulika kwa tochi. Anatafuta mishipa myekundu, dalili kwamba uhai umeanza. Yai linang'aa tupu. Analiweka kando na kuchukua jingine.

"Trei nzima, hakuna hata moja lenye mbegu," anasema. "Na yule wa juu anaangua tu."

"Yule wa juu ni kaka yangu," mkewe anamjibu kutoka jikoni.

Kaka huyo ni mchomeleaji vyuma, anayefuga kuku kujifurahisha huko juu, mwanzo wa mtaa. Fundi Taa ndiye anayekula kwa kazi hiyo: anafuga, anatotolesha kwa mashine, anauza vifaranga. Sasa wateja wanampita mlangoni wakielekea kwa shemeji yake, na kila mmoja anamsokota roho.

Aliamini siri ni jogoo. Akambembeleza shemeji wabadilishane: akatoa wake mwekundu, mnene, akachukua wa kijivu mwenye kidole kilichopinda.

"Nilidhani nimempiga bao," anakumbuka.

Miezi miwili baadaye jogoo wa kijivu alikuwa anawika na kupanda mitetea kama kawaida, lakini mayai yalikuwa matupu. Kule juu, ua ulijaa vifaranga wekundu.

"Nikamwonea wivu hadi jogoo wangu mwenyewe niliyemtoa," anasema, wala hacheki.

Shemeji hakumhurumia. "Jogoo tumeshabadilishana, shemeji. Bado nyumba tu."

Utani huo haukumtoka akilini. Nyumba. Nyuma ya nyumba yake unapita mtaro ambamo wapulizia dawa za mashambani husuuza mabomba yao jioni. Kuku wake hunywa humo. Wa shemeji hunywa maji ya tangi.

Bwana mifugo alimweleza kwamba baadhi ya sumu za kuulia wadudu zinaweza kudhoofisha mbegu za jogoo huku yeye mwenyewe akionekana mzima. "Ila bila kupima maji, siwezi kukuapia," alisema.

Kwa hiyo Fundi Taa ameuzungushia mtaro wavu kuku wasiufikie, amenunua ndoo yenye kifuniko ya kuwekea maji yao, na sasa anawaandikia watu wa maabara waje kupima maji ya mtaro. Anataka wapulizia dawa wahamishwe, naye atotoleshe tena kabla wateja hawajamsahau.

Mkewe anaisoma barua kwa sauti. "'Kwa shemeji yangu, umbali mfupi tu, vifaranga wanatoka vizuri kuliko kwangu.' Umeandika wewe haya?"

"Bila hayo hawataelewa."

"Nimwite aje asikie?"

"Ukimwita, naichana."

Anaikunja, anaitia kwenye bahasha, analamba gundi na kuibana kwa kiganja. Kisha anaipeleka posta mwenyewe, akipita njia ya chini, isiyokatiza kwa shemeji.