Nililinda ndoo juani Newala mpaka wenyeji wakanipa jina

Wakuu, heshima mbele. Wakubwa zangu shikamooni, vijana marahaba.

Juzi humu kuna member kaleta uzi, anasema huko ughaibuni aliko mtu anaacha simu na kompyuta mezani mgahawani, anaenda zake chooni, anarudi anavikuta. Komenti zikafurika: "Bongo thubutu!"

Nikatabasamu peke yangu. Mimi hayo niliyaona hapahapa Tanzania, tena Newala. Na katika kuyaona nilimtendea mtu jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Nawapa kama lilivyokuwa. Sina sababu ya kujipamba, maana kwenye stori hii mkosaji ni mimi.

Mimi ni mtoto wa Tandika. Nyumba ya kupanga, vyumba vinane, choo kimoja.

Kwetu kila kitu kilikuwa na kufuli. Pipa la maji lina kufuli. Ukifua, unakaa na nguo zako mpaka zikauke. Mama akishaanika shuka anavuta kigoda, anachambua mchele huku jicho liko kambani. Hatukuona ajabu. Tulijua ndivyo dunia ilivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaolewa na mwalimu, kwao Lulindi kule Masasi, watu wa kanisa tangu mababu. Zilikuwa enzi za ruksa. Mitumba imeruhusiwa, maduka yaliyokuwa matupu yamejaa, ndoo za plastiki za kila rangi zinaning'inia Kariakoo. Mama akaninunulia moja kubwa ya bluu yenye mfuniko. Akanipa na usia: "Huko uendako sikujui. Shika vitu vyako."

Mume wangu akapangiwa shule Newala, tukahamia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mimba ya kwanza.

Kwa wasiopafahamu, Newala iko juu. Asubuhi kuna baridi ya kujifunika, mikorosho kila upande, na ukisimama ukingoni unaiona Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma. Panapendeza mno. Ila maji ni mtihani. Yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Pampu ikigoma au dizeli ikikosekana, bomba linakauka siku tatu, siku nne.

Sasa wenyeji wanafanyaje? Wanapanga ndoo.

Siku ya kwanza kufika bombani nilisimama nikashangaa. Ndoo za bati, madebe, makopo ya rangi, vibuyu, vimepangana mstari mrefu hadi kwenye mikorosho. Nyingine zimetiwa jiwe ndani zisipeperushwe na upepo. Kuna mtu alikuwa ameweka sahani iliyovunjika tu, kwamba hapa ni pangu, ndoo yangu inakuja.

Na watu hawapo. Hata mmoja. Mbuzi tu wanapita katikati.

Ndoo zinalala pale, zinaamka pale, wenyewe wako shamba. Maji yakitoka, atakayeyaona wa kwanza anapiga yowe, watu wanakimbilia, kila mmoja anakuta nafasi yake.

Mimi? Mtoto wa Tandika? Niiache ndoo ya mama?

Nikaweka ndoo yangu mwisho wa mstari, nikatafuta jiwe, nikajitanda kanga, nikakaa. Mfuniko nimeushika mkononi. Jua linapanda, mimi nipo. Adhuhuri, mimi nipo. Jioni nikaibeba ndoo nikarudi nayo nyumbani, na kesho yake nikakuta nafasi yangu imekwenda. Nikaanza upya mwishoni.

Siku hiyo ya pili akapita jirani yangu, Mama Hadija. Mwanamke wa kama miaka arobaini, mrefu, sauti ya chini, kichwani kapu la mihogo. Nikamwamkia, akaitika. Halafu akasimama.

"Mama mwalimu, unaumwa?"

"Hapana, Mama Hadija. Nalinda ndoo."

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Unailinda asiichukue nani?"

Wakuu, wezi wangu ningewataja akina nani kama si yeye na majirani zake? Nikacheka kijinga. Naye akacheka kidogo, kwa upole tu, akaenda zake.

Kufika wiki iliyofuata mtaa mzima unaniita Mama Mlinzi. Si kwa ubaya. Wengine walikuwa wakipita wananiachia ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kusini, nitafune, maana mlinzi naye anakula. Mimi nikawa nakula huku nimenuna.

Nilipatana nao nusu nusu. Usiku nikaanza kuiacha ndoo kwenye foleni, kwa kuwa nilichoka kupoteza nafasi. Ila mfuniko nilirudi nao nyumbani. Akili yangu iliniambia ndoo isiyo na mfuniko haina mvuto kwa mwizi. Chekeni tu.

Ikafika siku yenyewe.

Mume wangu alikuwa kasafiri Masasi kwa shughuli za mitihani. Mimba imefika miezi saba. Bomba limekauka siku ya nne, na foleni sijawahi kuiona ndefu namna ile. Mimi nilikuwa mbele mbele, zamu yangu nzuri. Mchana nikiwa pale kwenye jiwe langu nikashikwa na kizunguzungu, macho yakawa giza. Wanawake wawili wakanishika mikono hadi nyumbani, nikalala. Sikuamka mpaka kesho yake jua limeshatoka.

Nikakurupuka na wazo moja tu: ndoo.

Nikatokea mlango wa mbele, mbio za mja mzito. Kufika bombani, chini kumelowa. Maji yalitoka alfajiri na yamekwishakatika. Watu wachache wamebaki, wamekaa na ndoo kavu. Yangu haipo.

Kulikuwa na bibi mmoja, Bi Asumini, anakinga matone ya mwisho kwa kikombe. Nikamuuliza.

"Ndoo yako ya bluu? Kaondoka nayo Mama Hadija, mjukuu wangu, maana..."

Sikumsubiri amalize.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Hadija. Nilimkuta uani anamenya mihogo, na wanawake wengine wanne watano wamekaa naye. Sikuamkia. Wale wa kusini mnajua, kule kuingia uani kwa mtu bila shikamoo ni sawa na kumrushia jiwe.

"Mama Hadija, nirudishie ndoo yangu!"

Kisu kikasimama mkononi mwake.

"Mlikuwa mnanicheka ili nichoke niondoke pale, muibe vizuri," nikaendelea. "Kumbe mnajifanya watu wa dini! Mwizi mkubwa wewe!"

Niliyasema hayo, wakuu. Kwa mdomo wangu huu.

Laiti wangenitukana. Mama Hadija aliweka kisu chini taratibu, akaniangalia, si usoni, tumboni. Kama mtu anayejiuliza mtoto yule anasikia nini.

"Mama mwalimu, leo umepita mlango wa uani kwako?"

Sikuwa nimepita.

Nikarudi nyumbani, hasira bado zinanisukuma. Nikafungua mlango wa uani.

Ndoo ya bluu ipo kizingitini. Imejaa maji mpaka juu. Na kwa kuwa haikuwa na mfuniko, alikuwa ametandaza majani mabichi juu ya maji yasimwagike njiani.

Nilikaa chini palepale.

Bi Asumini akanifuata taratibu na kikombe chake, akaja kunimalizia sentensi niliyomkatiza. Maji yalikuwa haba, wakakubaliana ndoo moja kila nyumba. Zamu yangu ilipofika sikuwepo. Mama Hadija alikuwa nyuma kabisa, maana safari ile alichelewa kupanga ndoo kwa sababu ya shamba. Angeweza kutia ndoo yake mwenyewe kwenye zamu yangu na hakuna ambaye angenuna. Akatia yangu, akaibeba, akaileta. Aligonga kidogo, akasikia kimya, akasema mgonjwa asisumbuliwe. Alivyorudi bombani, maji yakakatika kabla ya kumfikia.

"Sasa ile mihogo anaimenya," Bi Asumini akasema, "na maji ya kuipikia hana."

Nikamimina nusu ya ndoo kwenye debe, nikaibeba ile nusu nyingine hadi kwake. Njia fupi ile niliiona ndefu kuliko barabara yote ya kusini. Wale wanawake bado walikuwepo.

"Shikamoo, Mama Hadija."

"Marahaba."

"Nimeleta maji. Nisamehe."

Nilisema kwa sauti ndogo, nikimwinamia sikioni. Akaipokea ndoo kwa mikono miwili.

"Maji nimepokea, mwanangu. Lakini lile neno ulilitoa kwa sauti, limeshafika bombani, na keshokutwa litafika gulioni. Mimi nina mabinti wa kuozesha. Ulirudishe kwa sauti ileile."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kule kwetu Tandika mwizi alikuwa mtu usiyemjua, anapita, anapotea. Newala neno mwizi halipotei. Linakaa kwenye jina la mtu, linarithiwa na watoto. Ndiyo maana ndoo zilikuwa zinalala nje.

Maji yalitoka tena baada ya siku tatu. Bomba limejaa watu. Nikasimama na tumbo langu mbele ya foleni yote, nikasema: "Mimi nilimwita Mama Hadija mwizi. Si mwizi. Aliniletea maji nikiwa nimelala, yeye akakosa. Mwenye makosa ni mimi."

Bi Asumini akasema kwa sauti ya juu, "Haya tumesikia, sogezeni ndoo, maji hayangoji!"

Watu wakacheka, nami nikacheka na machozi. Mama Hadija alinipokonya ule mfuniko mkononi, akaufunika kwenye ndoo yangu, akanishika mkono. "Twende nyumbani ukale."

Mwanangu Tumaini alizaliwa mikononi mwake, maana uchungu ulinikuta nyumbani. Siku zote za uzazi ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto. Maji ya foleni, kumbukeni.

Msije mkadhani Newala ni peponi. Msimu wa korosho wageni walimiminika, wanunuzi binafsi na vibarua wao, na korosho zikawa zinaibwa hadi zilizoanikwa. Wenyeji nao hawakuwa malaika. Lakini foleni ya ndoo haikuguswa miaka yote sita niliyokaa pale.

Tuliporudi Dar nilisahau niko wapi. Wiki ya kwanza nikaacha ndoo bombani niende kununua vitunguu. Dakika tano hazikufika. Mpaka leo sijui iko mkoa gani.

Miaka mingi baadaye Mama Hadija alikuja Dar kutibiwa macho. Akafikia kwangu. Asubuhi tukaenda hospitali, tukakaa kwenye benchi tukisubiri kuitwa. Akanyanyuka kwenda msalani, mkoba wake akauacha pale kwenye benchi, wazi, vyeti na nauli ya kurudia vyote vimo. Alikuwa hajaniambia hata nimwangalizie.

Aliporudi ikabidi nimwambie. Mimi. Nikamwonyesha namna ya kuupakata mkoba, mkono huu uupitishe hapa, mwingine ushike zipu, na mtu akikusemesha usiulegeze.

Alinisikiliza vizuri kama mwanafunzi. Akaupakata kama nilivyomwelekeza. Akakaa hivyo akiangalia watu wote waliokaa ukumbini mle wamekumbatia mikoba yao. Halafu akanigeukia na jicho lake moja zima.

"Mama Tumaini, poleni. Mnachoka sana ninyi huku."

Wakuu, nilijifunza hivi: kuaminiana si kwamba watu fulani wamezaliwa wema na wengine wabaya. Ni kazi ambayo watu wanaifanya pamoja, na wakishaifanya wanapata kupumzika, wanaenda shamba, wanalala. Sisi wengine tunalinda. Na anayelinda sana ndiye mwepesi wa kumwita mwenzake mwizi.

Mimi nimemaliza, jamvi nawaachia. Kwenu kulikuwa na kitu gani kinalala nje na hakiguswi? Taja na sehemu. Wa Newala, Masasi, Chiungutwa, Lukuledi, nyie nisahihisheni nilipokosea, ila kwa upole. Mimi nipo, nawasoma huku napepeta mchele.